Sufuria Moja, Nafasi Moja

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune kimyakimya. Hadithi ninayo, jibu sina, na msije mkanidai.

Walikuwapo vijana watatu, kila mmoja na kipaji chake. Shomari alijua moto: kuni zilizowashinda wenzake, yeye aliziwasha. Mwantumu alijua viungo: akinusa tu, anakwambia bizari ipi ni ya juzi na ipi ya mwaka jana. Nyamizi alijua kuokoa: chakula kilichoungua, kilichozidi maji, kilichokataliwa hata na paka, akikishika yeye kinalika.

Wote watatu walitaka kusoma Chuo cha Mapishi cha Mwambatini, na wote watatu matokeo yao yalikuwa na doa. Shomari alianguka Kiingereza, Mwantumu Hisabati, Nyamizi Kemia. Chuo chenyewe kina maringo. Kinapokea wachache, na kikishakukataa hakikutazami tena maisha yako yote. Ila mwaka huo ilibaki nafasi moja, na mkuu wa chuo, Bi Mwanaidi, akawaita jikoni.

“Matokeo yenu nimeyaona, sasa nataka kuiona mikono yenu,” akasema. “Mtapika pilau, sufuria moja. Ikiwa mbaya, nyote mnarudi kwenu. Ikiwa nzuri, mmoja anabaki.”

“Mmoja yupi, mwalimu?” akauliza Shomari.

“Pikeni kwanza.”

Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zimelowa chepechepe. Shomari akazichanja vipande vyembamba, akazipanga, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Moto ukashika. Bila yeye, nyama ingelala mbichi.

Mwantumu akatia chumvi kwenye supu ya nyama, kisha akafungua mkebe wa viungo, akanusa, akakunja uso. “Bizari hii imekufa.” Mwingine angeitia hivyo hivyo. Yeye akaikaanga kavukavu, akachanganya na iliki na mdalasini, akainama kutwanga. Harufu ikawatoa walimu ofisini. Bila yeye, pangepikwa wali wa kahawia tu.

Lakini nafasi ikiwa moja, kila mtu hutaka sufuria iwe yake. Mwantumu alipokuwa ameinamia kinu, Shomari naye akatia chumvi, bila kuuliza. Walipokuja kuonja supu, ndimi zikakunjamana.

“Nani katia chumvi?”

“Mimi,” akasema Shomari.

“Na mimi nimetia!”

Mwantumu akaangua kilio, maana kwao alishaaga. Shomari akakaa chini, akasema, “Tumekwisha.”

Nyamizi, ambaye mpaka hapo alikuwa ameosha mchele tu, akafunga kanga vizuri kiunoni. “Mtalia baadaye. Nipisheni.” Akachota nusu ya supu akaiweka kando, akakuna nazi, akakamua, akajaza tui jepesi mahali pa supu, akaongeza viazi. Akaonja. Akatabasamu. Bila yeye, wote watatu wangekuwa njiani kurudi kwao.

Mchele ukaingia, Shomari akapanga makaa juu ya mfuniko, pilau ikaiva ikachambuka. Walimu wakala, wakaongeza. Mmoja, mtu mzima na heshima zake, akakomba ukoko.

Bi Mwanaidi akanawa mkono. “Haya, nani kapika?”

“Bila moto, mwalimu, hiyo ni nyama na maji,” akasema Shomari.

“Nyinyi mlikuja kwa harufu,” akasema Mwantumu. “Harufu ni yangu.”

“Mliharibu, nikatengeneza,” akasema Nyamizi.

“Wewe fundi viraka tu!” akafoka Mwantumu.

“Na nani alitoboa?”

Bi Mwanaidi, aliyeyasikia yote ya chumvi akiwa mlangoni, akamtazama Nyamizi. “Wewe ulikuwa unaosha mchele palepale. Hukumwona Shomari akitia chumvi ya pili?”

Angeweza kusema hapana. Nani angejua?

“Nilimwona, mwalimu.”

“Mbona hukumzuia?”

Nyamizi akainamisha kichwa. “Kipaji changu ni kuokoa. Wao wangemaliza vizuri, mimi ningeonyesha nini?”

Walimu wakagawanyika. Mmoja akasema apewe Shomari, hakumtegea mtu. Wa pili akasema huyo ndiye aliyetia chumvi kwa pupa, apewe Mwantumu. Wa tatu akasema apewe Nyamizi: anayesema kweli inayomuumiza ni nadra kuliko mpishi hodari. Wa kwanza akamrukia: “Aliyeacha sufuria iharibike ili asifiwe?”

Bi Mwanaidi amesimama hadi leo, aproni nyeupe ya mwanafunzi mpya mkononi. Mimi nikimvika mmoja moyoni, wawili wananisuta. Haya, ninyi mliokula hadithi yangu bure, lipeni kwa hukumu: aproni hiyo ungemvika nani, na hao wawili wengine ungewatazamaje usoni ukiwaambia waende?