Simu ya Mtu wa Salamu Nzuri

Anayeificha aibu yake huifungia nje dawa yake. Ndiyo maana wazee walituachia methali kwamba mficha uchi hazai. Mama Kanyere wa Butembo aliijua tangu shule ya msingi, ila kuijua methali si kuifuata.

Kanyere alikuwa mjane mcha Mungu na mweka hazina wa akina mama ishirini waliouza samaki wa ziwani Kyavinyonge. Akiba yao, dola elfu moja na mia saba, ilikuwa benki, naye aliiangalia kwa simu. Jumanne asubuhi, akipanga samaki mezani, simu ililia.

"Wavukire, mama," mwanamume alimsalimu kwa Kinande cha kwao, laini kama mafuta ya mawese. "Ni bureau ya banki. Tunabadilisha mashine. Unisomee namba ya siri, akiba isipotee."

Mgeni angeulizwa maswali. Lakini huyu alisalimia kama mtoto wa nyumbani, na Butembo neno la ndugu limekuwa hati tangu enzi za mababu. Kanyere akasoma. Kabla hajamaliza kupanga samaki, ujumbe ukaingia: dola mia sita zimetoka! Akainua simu, akaionyesha meza ya jirani.

Gracieuse, jirani yake wa meza, akamnong'oneza: "Yaya, dada yangu, nyamaza! Uza shamba yako, rudisha ile pesa, franga kwa franga, polepole. Bamama bakijua, utapeleka uso wapi?"

"Na zile zenye zinabakia?"

"Zitabakia tu. Mwizi amekwisha shiba."

"Gracieuse, panya akionja unga, anarudia na bajomba yake."

Kanyere akafanya ishara ya msalaba, akakaza kitenge, akaenda benki. Ukumbi ulifurika kama soko la Krismasi. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba pesa zinayeyuka, na kila mtu alikuja kutoa zake akazifiche chini ya godoro. Kwa hiyo mwezi mzima benki haikumkopesha mfanyabiashara yeyote. Ghala lililokombwa litatoa wapi mbegu?

Aibu ilimjia. Akaimeza.

"Munisikilize! Miye Kanyere, baliiba franga ya bamama kwa simu yangu. Namba ya siri niliisoma na kinywa yangu."

Mtu akacheka. "Mama wa rozari anaungama kwa mwizi!"

"Cheka, baba, lakini angalia simu yako kwanza."

Kicheko kikakatika. Timothée, muuza mabati tajiri, akakohoa. "Miye pia. Dola elfu mbili, mwezi ulipita. Niliona haya." Bénite wa duka la dawa akainua mkono. Punde wakawa saba.

Hippolyte, mkuu wa benki aliyetoka Kisangani, akashika kichwa. "Lakini hamukusema! Sisi tulizani munatoa franga zenu wenyewe!" Akakagua: pesa za wote saba zilikwenda kwenye akaunti moja, iliyofunguliwa mji jirani wa Beni. Akapiga simu huko, akaunti ikafungwa papo hapo. Saa sita mchana mwizi alijaribu kuzifuata zile dola elfu moja na mia moja zilizobaki, akagonga mwamba.

Dola mia sita hazikurudi zote. Lakini ufa ulipojulikana, watu walirudisha akiba zao, na baada ya miezi miwili mikopo ikaanza tena. Akina mama nao walimwachia Kanyere hazina yao, wakisema heri mlinzi anayepiga yowe kuliko anayelia kimyakimya.

Naam, mficha uchi hazai.