Binti Aliyewekwa Mlango wa Jikoni

Ndugu zangu, walima zetu mnazijua. Wageni wamekaa mbele wanasubiri, na pilau inatokea mlango wa nyuma ndani ya mahotpoti. Mnacheka? Mnajijua!

Basi kulikuwa na binti wa miaka kumi na mitano, mdomo wake pilipili. Madrasa alifukuzwa kwa kujibizana na mwalimu. Majirani walishamkoma. Mama yake akachoka, akamfungia begi: Jumapili walima ya kaka yake ikiisha, Jumatatu apelekwe shamba kwa mjomba, huko akanyooshwe. Na siku ya walima afichwe, asije akawaaibisha mbele ya wakwe.

Shangazi yake ndiye aliyesimamia jiko. Akauliza, "Wifi, mwanangu yuko wapi?"

"Nimemfungia chumbani. Si unaujua mdomo wake?"

"Ndio nautaka huo. Mimi mkwe akija na hotpoti naona haya, najaza. Walima iliyopita wageni walikula harufu. Nani hapa anaweza kusema hapana?"

Mama akatoa ufunguo. Shangazi akamtoa binti, akamsimamisha mlangoni na upawa mkononi. "Mwanangu, leo nakutegemea wewe. Matusi sitaki. Sema 'wageni kwanza', na usisogee."

Hakusogea! Walikuja makhalati, dada zake mama, wakaja wakwe, akaja na bwana mmoja wa kanzu nyeupe, hotpoti yake ya kijani, kubwa. "Wageni kwanza, shehe wangu," akaambiwa kwa adabu. Mnamtafuta huyo shehe? Mnamtazama. Nilirudi nayo tupu.

Wageni walikula wakabakiza. Watu wakamwendea mama kumshukuru kwa kumlea binti yule, naye hajawahi kusikia mwanawe akisifiwa. Jioni binti akauliza, "Mama, begi nilipeleke ukumbini, tayari kwa safari ya kesho?" Mama akalifungua mwenyewe, akawa anatoa nguo moja moja huku analia.

Sasa sisi. Nani hapa hana begi lililofungwa nyumbani? Vijana wetu tumewaita wakaidi, tumewaita sikio la kufa. Tumewahi kuwauliza wanaweza nini? Tumewapa mlango gani wausimamie?

Na yule mwalimu wa madrasa aliyemfukuza, ndugu zangu, ni mimi pia. Nampenda mtoto yule, na nilimkosea. Tukitoka hapa nakwenda kwao kumwomba arudi, anishikie darasa la wadogo. Niombeeni dua, maana mdomo wake sasa mnaujua.