Kidole Gumba cha Florio

Hapo zamani, Warumi walipokuwa bado wanajiita mabwana wa dunia, ulikuwapo mji mdogo kwenye mpaka wao wa kaskazini, kando ya mto mpana. Msidhani dola ile ilianguka kwa kishindo. Ilivuja polepole, kama mtama kwenye gunia lililotobolewa na panya, na kila mtu alimngoja jirani yake aje alishone.

Mwaka mmoja ikaja amri: kila nyumba itoe askari. Domnika, mjane, alikuwa na mwana mmoja tu, Florio. Asiye na kidole gumba hakuchukuliwa jeshini, maana silaha hataishika. Basi mama akamwita mwanawe jikoni, akamwekea mkono wa kulia juu ya ubao wa kukatia nyama, akakikata kidole gumba. Akalia, akamfunga jeraha, akamshukuru Mungu. Majirani wakasikia, nao wakawakata wana wao vidole gumba.

Amri ikamfikia Kandido, mwenye mashamba: toa watwana wenye nguvu wabebe silaha. Akawaficha wenye nguvu ghalani, akatoa wenye kikohozi. "Mavuno kwanza," akasema.

Kamanda Ursaki, alipojiona hana jeshi, akawaita wageni wa ng'ambo ya mto waliokuwa wakikimbia vita. "Lindeni ukuta, tutawapa nafaka." Wakalinda. Nafaka akaila yeye na rafiki zake. Wageni walipolia njaa, akawauzia mbwa wa kula: mbwa mmoja kwa mtoto mmoja. Fritila, mgeni mmoja aliyelinda lango, akampeleka binti yake, akarudi na mbwa mabegani awalishe wadogo wa binti huyo. Ninapofika hapa nachukia hata kusimulia.

Siku adui alipotokea, Fritila hakupigana wala hakufunga lango. Aliweka mkuki chini, akaenda kumtafuta binti yake. Florio akakimbia, akauokota mkuki ule. Ukamponyoka. Aliuawa palepale langoni, mama yake akitazama.

Tarkano, mkuu wa maadui, akawaweka Domnika, Kandido, Ursaki na Fritila mbele ya wenyeji waliosalia.

"Mji huu sikuuteka," akasema. "Niliukuta umeachwa. Aliyeuacha atanyongwa, wengine waende zao. Mtajeni."

Kandido akadakia, "Ni kamanda! Mimi niliwalisha. Watwana wangu wangekwenda wote vitani, mngekula mawe?"

Ursaki akasema, "Ningepigana na nani? Huyu bwana alinipa wagonjwa, mama huyu alinipa kilema wa kujitakia. Niliwaita wageni kwa sababu wenyeji mlikataa."

Fritila akacheka kicheko kibaya. "Mji wenyewe si wangu. Nilikuja na mtoto, mkanipa mbwa. Leo mnaniuliza habari za lango?"

Watu wote wakamgeukia Domnika.

"Nilitaka mwanangu aishi," akasema. "Mama gani hataki? Lakini ningemwachia kidole chake, mkuki angeushika. Sasa nitamlaumu nani, jamani?"

Tarkano akawatupia wenyeji kamba, akawaambia wachague wenyewe, na wao wakabaki kutazama chini kama walivyozoea.

Nanyi mnaonisikiliza, msinikwepe. Msiniambie "wote", kwa sababu kamba ilikuwa moja. Je, nani alistahili kuvikwa?