Tumbaku Iliyotiwa Asali

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliolala njaa? Paukwa, nasema!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Palikuwa na nini? Palikuwa na kiko. Na kiko kilikuwa na nini? Kilikuwa na moto. Na moto ule ulitaka kula watu. Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako.

Hapo zamani, kale ile ambayo hata babu yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Masika mto ulinguruma, kiangazi ulibaki mchanga mtupu. Ng'ambo ya pili palikuwa na kijiji kingine. Watu wa pande mbili walioana, walizikana, waliazimana majembe. Katika kijiji cha huku aliishi Bibi Nyanzobe, mjane, mtu mzima, mwenye maneno machache. Wazee wakikwama kwenye shauri, walituma mtu kwake. Alikuwa na mwana mmoja, Masele. Masele alikuwa na mke, Wande.

Bibi Nyanzobe alivuta kiko. Mnacheka nini? Zamani hizo bibi asiye na kiko ndiye aliyechekwa. Na tumbaku yake hakuomba kwa mtu. Aliilima nyuma ya nyumba, akaikausha, akaichanganya kwa mkono wake, na harufu yake ilijulikana mpaka ng'ambo.

Sasa sikilizeni ubaya ulivyoingia.

Kiangazi kimoja moto ulilipuka kwenye majani ya ukingoni. Vuu! Upepo ukaushika, ukauvusha mchanga, ukautupa ng'ambo. Vuu! Vihenge vya mtama vikawaka kimoja baada ya kingine, na chakula cha kuwafikisha watu kwenye mvua kikawa majivu. Masele alionekana ndani ya moshi, anapiga miali kwa matawi mabichi. Wakamkamata hapo hapo, masizi mpaka kwenye viwiko. Watu wa ng'ambo walisema huyu ndiye aliyewasha. Watu wa huku walisema huyu alivuka kwenda kuzima. Wazee wa huku walimuuliza Bibi Nyanzobe, naye akajibu kwamba mwanawe hakuwasha. Wande yeye hakungoja kuulizwa. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema mume wangu si mtu wa hivyo, aliyeuona moto mikononi mwake ajitokeze. Aliamini kila neno alilosema, maskini.

Mikuki ikaanza kunolewa. Kwa, kwa, kwa, juu ya mawe ya huku. Kwa, kwa, kwa, juu ya mawe ya kule.

Enzi hizo vijiji vikigombana vilikuwa na njia moja tu ya kuepuka damu. Walikutana mchangani, katikati ya mto, wakavuta kiko kimoja. Tumbaku ilitoka katika nyumba ya mshitakiwa. Mkubwa wa nyumba hiyo alivuta kwanza, watu waone kwamba haina sumu. Wa pili kuvuta alikuwa mzee wa upande uliokosewa. Kisha kiko kilizunguka. Moto ukidumu mpaka wa mwisho, ugomvi umekwisha. Ukizimika, yule uliozimikia mkononi ana jambo analificha, na sharti aliseme mbele ya wote kabla haujawashwa tena. Mara moja uliwahi kumzimikia mzee fulani, akasema alikula kuku wa jirani. Watu wakacheka, kiko kikawashwa, mambo yakaisha.

Mzee Lugembe wa ng'ambo akaleta ujumbe. Vihenge vilivyoungua vilikuwa vyake na vya ndugu zake. Mwezi ukiandama, alisema, tuvute. Moto ukidumu, kijana arudi kwao. Usipodumu, atazikwa huku huku.

Lakini Bibi Nyanzobe vidole vilikuwa vimepinda, mikono inatetemeka, kisu hakishiki. Akamwita mkwe wake.

"Utachanganya wewe," alimwambia. "Mimi nitakuwa mdomo, wewe utakuwa mikono."

Wande alikuwa hajawahi kuchanganya hata ya ugoro. Akaanza kufundishwa. Majani yalining'inia chini ya paa, kivulini, yamegeuka rangi ya udongo mwekundu. Bibi alimwonyesha jani la chini ya mche, jepesi, linaloshika moto upesi. Akamwonyesha jani la juu, kali, ambalo likiwa peke yake linamlewesha mtu akatapika. La kati ndilo lenye harufu. Toa uti wa jani, katakata nyembamba. La chini liwe jingi, la kati lifuate, la juu kidogo tu. Chovya ncha za vidole kwenye maji yenye asali, nyunyiza, basi. Laza chini ya jiwe la kusagia mpaka majani yazoeane. Halafu pima kwa kiganja.

Kiganja hupimaje? Semeni nami.

Shika, finya, achia. Ikifumuka, imeiva. Ikiganda, ina maji. Ikivunjika, imekufa.

Wande alishika, akafinya, akaachia. Ikavunjika. Bibi akaimwaga jalalani. Wande akaanza upya. Kwa, kwa, kwa, mikuki huko nje. Shika, finya, achia. Ikaganda. Jalalani. Alilia huku anakata, akakata kidole, akafunga kitambaa, akaendelea kukata. Kila jani aliona kama ni siku ya mume wake. Na mwezi nao ulikuwa unakonda angani, haumngojei mtu.

Mwisho akashika, akafinya, akaachia. Fuu, ikafumuka kiganjani kama mwana wa ndege anayejinyoosha. Bibi Nyanzobe akainusa, akafumba macho. Alisema hii hata marehemu mume wake angeisifu, na huyo hakuwa mtu wa kusifu. Wakaitia kwenye kibuyu, wakakifunga kwa ngozi. Tangu hapo mpaka kiko kijazwe, kwa desturi yao, hakuna anayekigusa ila aliyechanganya.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi fupi. Haikuishia hapo.

Asubuhi ya siku yenyewe mwanamke mmoja aliyeolewa ng'ambo alipita akamnong'oneza Wande. Alisema Mzee Lugembe kifua kinamsumbua, tumbaku kali inamkohoza, na akikohoa anakasirika mpaka mishipa inamsimama. Akaenda zake. Wengine wana kazi hiyo tu, kuacha neno mlangoni kwa mtu na kwenda zao.

Wande akabaki na kibuyu. Bibi alikuwa anaoga uani. Wande aliwaza: akikohoa, atasema tunataka kumuua. Ikiwa tamu, moyo wake utalainika. Akafungua ngozi. Akatia asali, tone kwa tone. Akanusa. Akaona bado. Akainamisha chungu, asali ikateremka yenyewe, nzito, haina haraka.

Akachanganya. Shika, finya, achia.

Ikaganda.

Akafinya tena. Ikaganda. Akageuka atafute jua la kuianikia, na hapo pembe ikalia mtoni. Puuu! Puuu! Bibi akatoka uani, amejifunga nguo yake nzuri, akasema twende. Wande akafunga kibuyu. Mdomo wake ulifunguka aseme, ukafunga. Alitembea nyuma ya mama mkwe wake mpaka mchangani na hakusema.

Watu walikuwa wamekaa pande mbili. Mikuki imelazwa nyuma ya migongo yao, mahali mkono unapofika. Masele alikuwa upande wa ng'ambo, mikono imefungwa, amekonda. Alimtazama mke wake. Wande alitazama mchanga.

Alijaza kiko kama alivyofundishwa, chini legevu, juu kaza kidogo. Akampa Bibi Nyanzobe. Kaa la moto likaletwa.

Bibi akavuta. Pwa, pwa, pwa. Moshi ukapanda. Watu wakashusha mabega.

Kisha Wande akasikia. Chwi. Chwi, chwi. Sauti ndogo, ya kuni mbichi. Akajua asali imefika kwenye moto. Bibi naye akajua. Aligeuza macho, akamtazama mkwe wake mara moja tu, kisha akatazama mbele. Na mbele yake, mkono wazi, anangoja, alikuwa Mzee Lugembe.

Fikirini, jamani. Akimpa, kiko kitazimikia mkononi mwa Lugembe. Mtu aliyeunguliwa mtama wake, halafu aonekane yeye ndiye mwongo! Vijana wake wasingengoja mtu amalize hata kusonya.

Bibi Nyanzobe akakitoa kiko mdomoni. Hakumpa mtu. Alikiweka mapajani, akakishika kwa mikono yake miwili inayotetemeka. Moshi ukawa uzi. Uzi ukakatika.

"Umenizimikia mimi," alisema.

Shemeji yake, Kasubi, aliyekaa nyuma yake, akainama akamnong'oneza, na Wande alisikia. Alimwambia ataje jambo lolote, kuku, yai, chochote, tuendelee.

Bibi Nyanzobe akasimama. Alichukua muda kusimama.

"Ninalolificha ni kaa la moto," alisema. "Siku ile mwanangu alikuja jikoni kwangu na kigae. Alitaka kaa, akachome majani makavu, ng'ombe wapate machipukizi. Nilimwambia upepo ni mkali. Akasema atauangalia moto. Nikamtilia kaa kwa mkono wangu huu. Moto uliokula mtama wenu ulitoka jikoni kwangu. Wazee wangu waliponiuliza, niliwaambia hakuwasha."

Wande akamgeukia Masele. Mume wake alikuwa amewasha. Nyumba zote zile alizozunguka! Na kwa dakika ile alimchukia mama mkwe wake, alimchukia kabisa, maana mtoto ni wake mwenyewe na amemmaliza kwa mdomo wake. Nyuma, mikono ilianza kupapasa mikuki. Huku na kule.

Mzee Lugembe hakuondoa macho kwa Bibi. Alimuuliza Masele kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema Masele. "Moto ulinishinda. Nikavuka kuuzima, nikachelewa."

Lugembe akaingiza mkono katika mfuko wake wa ngozi. Akatoa kigae cha chungu, cheusi kwa moshi, akakiweka mchangani.

"Tulikiokota ukingoni kwenu kabla majivu hayajapoa," alisema. "Tulijua. Nilikuja kuona kama mtanivutisha uongo pamoja na tumbaku. Ningevuta, kijana ningewarudishia, ndiyo desturi. Lakini mvua ya kwanza isingewakuta hai."

Akanyoosha mkono, akaomba kibuyu. Akachukua tumbaku kidogo. Shika, finya, achia. Ikaganda. Akainusa, akakunja uso.

"Nani ametia asali yote hii?"

Bibi Nyanzobe alikuwa kimya. Kasubi alikuwa kimya. Wande aliona kwamba safari hii hakuna wa kumsemea.

"Ni mimi," alisema. "Nilisikia una kifua. Niliogopa."

Mzee Lugembe akataka kucheka, akakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na hakuna tumbaku iliyokuwa imemgusa bado. Kisha akatoa mfukoni mwake jani la kwake, la ng'ambo, kavu, linalovunjika. Akalisaga kwa viganja juu ya kibuyu, akamrudishia Wande. Akamwambia achanganye, watu wote wakiona.

Wande akachanganya. Jasho linamtiririka. Vijiji viwili vinatazama vidole vyake.

Semeni nami. Shika. Finya. Achia.

Ikafumuka.

Kiko kikajazwa upya. Bibi akavuta. Lugembe akavuta. Pwa, pwa. Kikavuka huku, kikavuka kule, kikamfikia wa mwisho kingali kinawaka. Wakamfungua Masele. Wakakubaliana kwamba mtama wa huku utaliwa pande mbili mpaka mvua, na Masele atajenga vihenge vyote upya kwa mikono yake. Jioni hiyo alivuka mto kwa miguu yake, mke wake mbele, mama yake nyuma, mpaka nyumbani.

Masele alipolala, Wande alikwenda kukaa jikoni karibu na mama mkwe wake. Hasira ilikuwa imebaki kidogo, na hofu nyingi. Alimuuliza kwa nini hakutaja kuku, kama yule mzee. Kwa nini alimweka mwanawe mbele ya mikuki?

Bibi Nyanzobe alikuwa anakung'uta kiko chake.

"Nilipoonja ile asali nilijua umeogopa," alisema. "Na mimi niliogopa kabla yako. Wewe uliitia kwenye kibuyu, mimi niliitia masikioni mwa wazee. Nikaona nyumba yetu yote imelowa, mwanangu. Moto gani ungekaa?"

Wande akamsogelea zaidi. Alimshika ile mikono iliyopinda, akailaza mapajani mwake, wakakaa hivyo mpaka makaa yakafifia.

Bibi Nyanzobe alifariki baadaye, kwa uzee, kitandani kwake. Wande akachanganya tumbaku ya vijiji vyote viwili mpaka naye akazeeka. Na hata leo, nasikia, katika kijiji kile mtu akisimama barazani na maneno matamu kupita kiasi, watu hawambishii. Wananyanyua mkono, wanafinya, wanaachia, wanamtazama.

Nanyi mtakapopatana na mliyemkosea, msimlainishe kwa utamu. Mwambieni kosa lenu zima, hata lile ambalo hakuwauliza, ndipo mapatano yatakapowaka mpaka mwisho.

Hadithi yangu imeishia kwenye majivu. Nimeyakung'uta hapa, anayetaka moto, na aukoke wa kwake.