Kindi Aliyemzika Bibi Yake Redioni

Paukwa!
Pakawa!
Hamjala leo? Itikieni kama walioshiba. Paukwa!
Pakawaaa!
Pakawa na nini?
Pakawa na karanga, pakawa na redio, pakawa na aibu ya mtu na bibi yake. Sogeeni karibu, maana sitaki haya yamfikie jirani, ingawa jirani ndiye aliyenipa.

Basi hapo kale, kale ya juzijuzi tu, alikuwepo Kindi. Msichana wa kidato cha tatu, Sekondari ya Bondeni, sketi imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya. Alilelewa na bibi yake. Na bibi mwenyewe ndiye huyo: meno mawili, kanga kaivaa nje ndani, ugoro puani, chafya chya! chya! kutwa nzima.

Kila adhuhuri bibi alibeba bakuli la kisamvu cha karanga mpaka kwenye uzio wa shule. Akafanya, "Psi! Psi!" Kindi akaenda mbio, akanyakua bakuli, akarudi mbio. Wenzake wakauliza, "Nani yule?" Kindi akajibu, "Muuza karanga tu." Kisha akajifunika uso kwa mkia.

Siku moja, ndi! ndi! ndi! Kiboko akaingia shuleni. Kiboko ndiye mwenye redio ya msitu mzima. Mdomo ule, angefanya kazi gani nyingine? Kazi zake mbili, kusema na kula. Alikuja na maikrofoni kuwahoji wanafunzi, na msitu mzima unasikiliza moja kwa moja.

"Haya, binti. Vyombo vya habari unavionaje?"

"Redio ndiyo dunia," akasema Kindi. "Asiye na redio yuko gizani."

"Na utamaduni?"

"Mambo ya wazee hayo. Ngano, ngoma, watani. Yamepitwa na wakati."

"Baadaye unataka kuwa nani?"

"Mtangazaji. Nishike hiyo maikrofoni, msitu mzima unyamaze, unisikilize mimi."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Unasema vizuri wewe! Nani kakufundisha?"

Aliyemfundisha ni bibi, kwa ngano za kila jioni. Kindi akafungua mdomo aseme. Mara huko kwenye uzio, chya! Bibi huyo, na bakuli lake, na kanga yake nje ndani. Wenzake wakaanza kucheka chinichini.

"Nimejifundisha mwenyewe," akasema Kindi.

"Nyumbani huna hata bibi?"

"Bibi yangu amekufa."

"Pole! Lini?"

Uongo ulikuwa haujajiandaa. "Leo alfajiri," akasema. "Tunazika kesho."

"Kesho!" akanguruma Kiboko. "Na mimi mtani wenu sijaambiwa?"

Mtaniwia radhi, wajukuu, hapa nieleze. Viboko na kindi ni watani tangu enzi za mababu. Ukifiwa, mtani anakuja. Anamwiga marehemu, anamtania mpaka wafiwa wacheke, analala kaburini, na hatoki mpaka apewe anachotaka. Na hakuna kukasirika. Ukimkasirikia mtani, umeuaibisha ukoo mzima.

"Nasikia marehemu kaacha ghala la karanga," akasema Kiboko, huku akijilamba. "Kesho nakuja na gunia."

Ghala lile ndilo chakula chao cha masika yote. Hawakuwa na jingine.

Jioni Kindi akarudi nyumbani. Bibi hana redio, hana habari.

"Mke mwenzangu, leo hukuja kuchukua bakuli. Unaumwa?"

"Siumwi, bibi."

"Basi kula, nimekuwekea."

Kindi akala tonge moja, akaliweka bakuli chini. Akataka kusema. Akamtazama bibi anavyomenya karanga kwa kucha, punje kwenye ungo, maganda mapajani. Akaenda kulala.

Asubuhi, ndi! ndi! ndi!

"Bibi, ingia ndani usitoke. Kuna mgeni."

"Mgeni gani nisimwone? Nina ukurutu?"

"Nakuomba, bibi."

Bibi akamwangalia, akaangalia kanga yake, akaingia ndani. Hakuuliza tena. Na kule kutouliza ndiko kulikomchoma Kindi.

Kiboko akafika, gunia begani, maikrofoni mkononi, imewashwa. "Uwiii! Mtani wangu! Alikuwa na meno mawili, moja juu, moja chini, mpaka anakufa hayajajuana! Uwiii! Alivaa kanga nje ndani, maandishi ayasome mwenyewe tumboni!" Msitu mzima ukacheka redioni. Kindi akajifunika uso kwa mkia. Kiboko akafuta machozi ya uongo. "Haya, ghala liko wapi?"

Wa kumsaidia Kindi hakuna. Redio ndiyo hiyo imekuja kumla. Akakumbuka jambo moja, la zile ngano za bibi zilizopitwa na wakati.

"Haki yako ipo, mtani," akasema. "Lakini mtani asiyelala kaburini ni mwizi tu, na msitu mzima unasikia. Ukiingia miguu, tunakupa kibaba. Ukiingia tumbo, tunakupa pishi. Ukiingia mpaka shingo, ghala zima lako."

"Kaburi liko wapi?"

"Mtani ndiye anayechimba. Pale, kwenye udongo wa mfinyanzi. Mvua ya juzi imeulainisha."

Kiboko akachimba, chubwi! chubwi! Kwa pupa yake hakupanua, alikwenda chini tu. Akaingia.

"Nimeingia miguu!"

"Kibaba, mtani!"

"Nimeingia tumbo!"

"Pishi, mtani!"

Akajisukuma, akajibana, nyaaa! "Nimeingia mpaka shingo!"

"Ghala zima lako, mtani. Njoo ulichukue."

Kiboko akajivuta, hmm! Udongo ukamnyonya, nyaa! Akajivuta tena, hmmm! Udongo ukamnyonya, nyaaa! Kimebaki kichwa kama chungu kilichosahauliwa shambani, na maikrofoni mbele yake.

"Umenitega!"

"Usikasirike, mtani. Utatia ukoo aibu."

Msitu ukacheka mpaka redio ikakwaruza. Kindi akaruka, akageuka, mkia juu. Ndipo aliposikia, chya!

Bibi yuko mlangoni.

"Mzimu!" akalia Kiboko.

"Mzimu gani anayenusa ugoro? Mke mwenzangu, nani amekufa hapa?"

Kindi akamtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Kindi.

"Nimesikia mwenye meno mawili. Nimesikia mwenye kanga nje ndani. Nauliza, nani amekufa?"

Kindi angeweza kusema Kiboko kazua; bibi hana redio, ya jana hakuyasikia. Nani angemwamini kichwa kilichopandwa shambani? Lakini bibi alikuwa ameigeuza kanga. Kule ndani, peke yake, alikuwa ameivua, akaivaa upya, maandishi nje, vizuri.

Kindi akaiona ile kanga. Akaiokota maikrofoni. Msitu mzima ukanyamaza, kama alivyokuwa akitamani.

"Bibi yangu yu hai," akasema. "Nilimwua mimi, kwa mdomo wangu. Niliona haya wenzangu wamwone. Ngano zote nizijuazo ni zake. Ni hayo tu." Akaizima.

Bibi akanusa ugoro. Akaketi.

"Sawa," akasema. "Ila msiba una arobaini yake. Siku arobaini marehemu hapiki, hamenyi karanga, hatwangi kisamvu. Jiko lile."

Kindi akapika siku arobaini. Kiboko akatangaza kutoka shimoni mpaka mvua ilipomtoa, na wanasema vipindi vilikuwa vizuri, maana hakuweza kuondoka kwenda kula.

Siku ya arobaini na moja, adhuhuri, bibi akaja kwenye uzio. Safari hii hakufanya psi psi. "Mke mwenzangu!" akaita, shule nzima isikie. "Marehemu amekuletea kisamvu!" Darasa likaangua kicheko. Kindi akatoka, masikio yanawaka, hakukimbia. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Akataka kujifunika uso kwa mkia, lakini bibi alikuwa ameshaukalia.

Fundisho, wajukuu: msisikilize ngano za wazee, zimepitwa na wakati. Sikilizeni redio. Na mkitaka kumwua bibi yenu, mwacheni kwanza awafundishe kupika.

Ngano yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeingia kulala. Atakayemwambia jirani, asiseme ni mimi.