Sikukuu ya Maboga

Mwaka huo mvua ilitupita pembeni kama vile hatujuani. Majani yalikauka, mto ukakauka, na bondeni kwetu chakula kilichobaki kilikuwa maboga tu, kila mnyama na lake uvunguni. Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga tele, alikuwa na moja dogo. Nyama yake ndiyo ingewavusha wanawe, na mbegu zake ndizo angepanda mvua ikirudi.

Sungura hakuwa na boga. Alikuwa na mdomo.

"Jamani, mmeachwa nyuma!" alitangaza kisimani. "Kesho wenzetu wa ng'ambo wana Sikukuu ya Maboga. Unachonga boga macho na meno, unawasha moto ndani, unaliweka mlangoni. Magharibi mnavaa vinyago, mnapiga hodi nyumba kwa nyumba: 'Nipe au nikuharibie!' Mwenye nyumba lazima atoe kitu kitamu."

"Kila nyumba?" aliuliza Fisi, mate yakimdondoka.

"Kila nyumba, kaka. Na kwa ofa ya mwaka huu nachonga bure. Hata yale matakataka ya ndani nitawatupia mwenyewe."

Mama Kanga alisita. "Baba, hiyo sikukuu inasherehekea nini hasa?"

"Mama, maswali hayo ndiyo ya kishamba."

Basi, yakaisha. Sisi wa bondeni tunaogopa kuitwa washamba kuliko tunavyoogopa njaa. Tulipanga foleni mpaka kwa Sungura, tukasukumana, na wengine tukagombana kwa kurukiwa zamu ya kuporwa. Mama Kanga alikuja wa mwisho, akalitoa boga lake huku akilia. Simba hakutaka la kuweka mlangoni kama sisi akina yakhe. Alilivaa kichwani kama taji, likamkwama masikioni.

Kesho yake magharibi tulivaa vinyago vyetu vya magome tukaanza kuzunguka. Fisi aligonga kwa Nguruwe.

"Nipe au nikuharibie!"

"Uniharibie nini tena, ndugu yangu?" alijibu Nguruwe. "Ndani hamna hata punje."

Ikawa hivyo kila mlango. Vifaranga wa Mama Kanga walilia njaa mbele ya maganda yanayotucheka kwa meno tuliyolipia kwa chakula chetu. Mara Fisi akainua pua. Harufu ya boga la kuchemsha! Akaifuata mbio, nasi nyuma yake, Simba akijigonga kwenye miti, mpaka kwa Sungura.

"Nipe au nikuharibie!"

"Sina kitu, kaka! Mimi nilitupa kila..."

Fisi aliusukuma mlango. Sufuria lilikuwa jikoni likitokota, na nyama za maboga yetu zimerundikwa hadi darini, mbegu zimeanikwa pembeni.

Kwa kuwa mila ile alitufundisha mwenyewe, tuliitimiza yote: tulijipa na tukaharibu. Tuligawana nyama zetu, Mama Kanga akarudishiwa mbegu zake, na Fisi akamalizia kwa kulamba sufuria, kisha akala na mlango.

Sungura alikaa juu ya vifusi akilia. "Nimebaki mtupu, jamani! Hata pole hamnipi?"

Tulitazamana na vinyago vyetu usoni, tukaona aibu. Mama Kanga peke yake ndiye aliyejibu, na hatukujua kama anamwambia Sungura au anatuambia sisi:

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."