Kibuyu cha Mama Naetwe

Kibuyu cha mbegu kilifunguliwa Jumatano asubuhi, siku chache kabla ya mvua ya kwanza ya vuli. Aliyekifungua ni Nakijwa, na hakutumwa na mtu.

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni mtaulizwa.

Huko Kirore, katika milima ya Upare, kulikuwa na boma lenye nyumba tatu, na nyuma ya kila nyumba bustani. Wenye bustani hizo kila mmoja alikuwa na lake. Nakijwa, aliyeolewa katika boma hilo, alikuwa na jicho. Jani likibadilika rangi leo, yeye alikuwa ameshaliona jana. Shemeji yake Elinaja, kijana ambaye hajaoa, alikuwa na sikio. Akiwa kitandani alijua maji yamefika wapi kwenye mfereji. Wifi yake Nambike, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, alikuwa na jino. Aliuma punje ya harage mara moja tu akakwambia kama itakaa salama au itaoza.

Mama Naetwe, mama mzazi wa Elinaja na Nambike, aliyeishi nyumba moja na Nambike, ndiye aliyekuwa mwenye mbegu. Maharage yake yalikuwa meusi yenye jicho jeupe, na hayakuuzwa sokoni. Aliyeyataka alikwenda kuomba. Alibeba ungo mtupu, akalima nusu siku katika bustani ya mwenye mbegu, ndipo akapimiwa.

Nakijwa aliomba hivyo kila msimu tangu alipoolewa. Msimu mmoja mama mkwe alikuwa mgonjwa, na Nambike ndiye aliyepima.

"Wifi, mbona ungo wako umepanuka mwaka huu?" Nambike alimuuliza mbele za watu.

Watu walicheka. Nakijwa naye alicheka. Alipofika nyumbani aliuweka ungo ule juu ya dari, msimu uliofuata akaomba kwa kikapu.

Masika ya mwaka huu Mama Naetwe alipanda mbegu zake zote, kisha akaugua. Aliwaita watatu hao akawaambia, "Mbegu ikae kwa atakayeifikisha vuli." Wiki ile ile akafariki.

Matanga yalikuwa hayajaisha Nakijwa alipokwenda kuchuma majani ya maharage kwa mboga. Aligeuza jani moja akaona vidoa chini yake, vidogo kama unga wa kutu. Hakuita mtu. Alianza kung'oa, mche mmoja baada ya mwingine, akirundika kando ili achome moto. Nambike alitoka mbio.

"Unang'oa maharage ya mama na arobaini haijafika? Mchawi we!"

"Geuza hilo jani, wifi."

"Sigeuzi kitu!"

Nakijwa aling'oa zaidi ya nusu ya bustani. Mwezi ule ugonjwa huo wa kutu uliteketeza maharage ya kitongoji kizima. Miche aliyoiacha ilibaki kijani.

Miche ilipotoa maua, maji yakakatika. Bustani za Kirore hunywa kutoka kwenye ndiva, bwawa dogo la kijiji linalokinga maji ya kijito, na kila boma lina zamu yake. Zamu yao ilifika, ndiva imejaa, mfereji mkavu. Maua yakaanza kudondoka. Watu walisema mgawa maji amekula njama. Elinaja alilala kifudifudi kando ya mfereji, akaweka sikio chini, akasogea, akaweka tena. Wapita njia walimuuliza kama anasikiliza taarifa ya habari. Karibu na mgomba wa mwisho alisikia maji yakianguka mahali ambapo hayakupaswa kuwa. Alichimba, akakuta tundu la fuko, akalisindilia vipande vya mgomba na udongo mfinyanzi. Maji yalifika bustanini zamu yao ikikaribia kwisha.

Wakavuna. Jirani mmoja ambaye naye alikuwa ameokoa kidogo alikuwa ameshamimina mbegu zake kwenye mfuko. Elinaja alitaka nao wafanye hivyo. Nambike aliuma punje moja, akaitema.

"Bado. Anikeni tena."

"Dada, jua lote hili?"

"Jino ni la nani, lako au langu?"

Alianika, akauma, akaanika tena. Aliporidhika alichanganya mbegu na majivu ya maganda yake, akazitia katika kibuyu cha mama, akaziba mdomo kwa samadi ya ng'ombe. Mfuko wa jirani ulitobolewa na fukusi ukabaki unga. Kibuyu kilikaa kimya darini kwa Nambike.

Sasa turudi kwenye ile Jumatano.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani. Nakijwa alikuwa halali vizuri. Aliota fukusi. Aliota ungo. Nambike alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, Nakijwa alipanda darini kwa wifi yake, akashusha kibuyu, akabandua samadi. Mbegu zilikuwa nzima. Alizishika mkononi, nyeusi, baridi. Ndipo alipokumbuka alichokifanya. Kibuyu cha mbegu huzibwa mara moja tu. Kikishafunguliwa unyevu huingia, na mbegu lazima ziende ardhini kwa mvua ya kwanza. Alirudishia samadi kavu juu juu, akashuka.

Jumamosi mchana watatu hao walikutana jikoni kwa Nambike kupanga bustani za vuli. Mnavu kando ya mfereji, magimbi bondeni, maboga pembeni: hapo hakukuwa na ubishi. Kisha akaingia Sefueli, mgawa maji, mwavuli kwapani.

"Ndiva imejaa mchanga," alisema. "Vuli hii kila boma bustani moja tu. Nipeni jina nikapange zamu."

Mwenye bustani hiyo ndiye angekuwa mwenye mbegu. Nambike alishusha kibuyu akakiweka juu ya kigoda. Samadi ikaanguka yenyewe.

"Nilijua tangu juzi," alisema bila kumtazama mtu. "Wifi, jino langu hukuliamini?"

"Niliogopa."

"Mimi nilikuamini ulipong'oa maharage ya mama."

"Ulimwamini?" Elinaja alidakia. "Ulimwita mchawi, kitongoji kizima kilisikia."

Nambike alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nisikilizeni. Mimi hapa sina mume wala shamba. Siku mkichoka nami mtaniambia nirudi nilikotoka. Mwenye mbegu hafukuzwi."

"Nani amefikiria kukufukuza, dada?" alisema Elinaja. "Lakini mimi naoa mwakani. Nimlete mke wa watu aanze na ungo mkononi?"

Nakijwa alimtazama binti yake, aliyekuwa mlangoni akipeta mchele. Alipeta kwa ungo ule ule, aliokuwa ameushusha darini mwenyewe bila kuuliza historia yake.

"Nimeomba miaka yote," Nakijwa alisema. "Nisingeliona lile jani, leo mngegombea kibuyu kitupu."

"Na bila maji?" Elinaja aliuliza.

"Na bila majivu yangu?"

"Jamani, limeni pamoja bustani moja, mambo yaishe," alisema Sefueli.

"Tukishavuna, kibuyu kitalala kwa nani?" Nambike aliuliza.

"Basi tugawane mbegu viganja vitatu," Elinaja alisema, "kila mtu na bustani yake."

"Bustani mbili zitakosa maji," Nakijwa alimjibu. "Vuli iliyopita mvua ilinyesha wiki moja ikakata. Unataka kutupa mbegu ya mama?"

Saa tisa alasiri mvua ikaanza kupiga bati. Hakuna aliyesogea. Katika bustani zote tatu mashimo yalikuwa yameshachimbwa, kwa maana kila mmoja alikuwa amechimba kwake, na maji yakaanza kutuama humo. Sefueli alifungua mwavuli.

"Nikifika kule juu nafungua ndiva. Msiponipa jina, maji yanakwenda kwa majirani."

Aliondoka bila jina. Kibuyu kilibaki juu ya kigoda, mdomo wazi, na watu watatu wamekizunguka.

Haya, wenzangu. Mmoja aliliona jani, na ndiye aliyekifungua kibuyu. Mmoja alisikia maji. Mmoja aliuma punje. Sefueli bado yuko njiani, na ukiita kwa sauti atakusikia. Je, ungemtajia bustani ya nani?